Nyanya za kuoka na jibini: kwa nini zako zinaogelea, na jinsi ya kuzitoa majini

Mwiko Mrefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Hiki chakula nimekipika mara nyingi na kukiharibu karibu mara zote za mwanzo. Nilikuwa nafungua oveni nakuta trei ya supu: nyanya zimelegea kama soksi iliyolowa, jibini imekimbilia pembeni inaelea, majani ya viungo yamekuwa meusi. Na maelekezo niliyofuata yalikuwa mistari mitatu tu. Kata nyanya, nyunyiza jibini, oka. Si uongo, ila hakuna aliyeniambia kwamba nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, na maji hayo lazima yaende mahali. Usipoyatafutia njia mapema, yatajitafutia yenyewe ndani ya trei yako.

Kwa hiyo uzi huu ni wa maji. Jibini na majani ni wageni waalikwa.

Ninachofanya sasa ni hiki. Nachukua nyanya 6 za wastani, zilizoiva lakini ukizibonyeza bado zinakataa kidogo. Nazikata kiunoni, yaani kwa upana, siyo kutoka kwenye kikonyo kwenda chini. Ukikata hivyo vyumba vyote vya mbegu vinafunguka kwa mpigo mmoja na maji yanapata mlango. Nanyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai kwa vipande vyote 12, nazilaza kifudifudi juu ya waya wa kupoozea keki au kitambaa safi, naondoka dakika 30. Ukirudi utaona kilichodondoka. Hayo ndiyo yangekuwa supu.

Wakati zinachuruzika nawasha oveni nyuzi 200. Nachanganya mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula, punje 2 za kitunguu saumu zilizosagwa, zaatari kavu nusu kijiko cha chai, oregano kavu kiasi hichohicho, na pilipili manga. Nyanya nazifuta, nazigeuza uso juu, nazipaka huo mchanganyiko. Zinaingia oveni zikiwa bila jibini kwa dakika 15. Ndipo nazitoa, naweka jibini iliyokwaruzwa gramu 80 hadi 100 iliyochanganywa na chenga za mkate mkavu vijiko 4, zinarudi dakika 8 mpaka 10 hadi juu pawe rangi ya kahawia. Nazipumzisha dakika 5 kabla ya kula, maana nyanya iliyotoka oveni inaunguza ulimi vibaya sana.

Karibuni mnikosoe.

Mla kwa Macho

Naweka kambi hapa. Picha iko wapi mkuu?

Mwiko Mrefu

Zililiwa kabla simu haijapatikana. Nitaweka ya jioni.

Punje Mbili

Mkuu umegusa penyewe kwenye kuoka mara mbili. Watu wanatupia jibini tangu mwanzo, dakika 25 zote. Nyanya inapofika wakati wa kuiva, jibini imeshakufa: mafuta yamejitenga, iliyobaki ni kama mpira. Jibini haihitaji muda mrefu, inahitaji joto kali la juu kwa muda mfupi.

Nina swali moja. Zile mbegu na ule ute wake unavitoa au unaviacha? Mimi huwa nachota vyote kwa kijiko.

Mwiko Mrefu

Naviacha. Chumvi inavuta maji, ute mwingi unabaki. Zamani nilikuwa nachota kama wewe, nikawa napata nyanya kavu nzuri kwa macho ambayo mdomoni haina habari.

Mama Ukoko

Wanangu, hapo kwenye ute msifanye haraka. Ile sehemu laini inayozunguka mbegu ndiyo yenye utamu mwingi wa ile ladha nzito inayofanana na ya mchuzi wa nyama. Wajapani wanaiita umami. Mkemia wao Kikunae Ikeda ndiye aliyeitambua mwaka 1908 akichunguza mchuzi wa mwani, akakuta inatokana na glutameti. Nyanya mbivu inayo, na jibini iliyokomazwa muda mrefu inayo kwa wingi. Ndiyo maana vitu hivi viwili vikikutana mtu anadhani umeongeza kitu cha siri. Ukitupa ute umetupa nusu ya ndoa.

Kama nyanya yako ina maji kupita kiasi na lazima uchote, basi chujio lipo. Kamua huo ute, mbegu zibaki juu, maji yake tia mafuta na chumvi kidogo umwagie kachumbari au chochote cha kijani. Usimwage kwenye sinki.

Mwiko Mrefu

Shikamoo mama. Hilo la kuchuja sikulijua, nimelichukua.

Jiko Baridi

Samahani wakuu kwa kuwaharibia raha. Nyanya unakula mbichi, basi. Kuwasha oveni nusu saa kwa ajili ya nyanya sita ni kuchoma umeme.

Chumvi Kidogo

Jiko Baridi, nyanya ya msimu iliyoivia shambani kweli usiipike, ile mbichi na chumvi. Lakini zile ngumu, rangi ya waridi, zisizo na harufu hata ukizinusia kikonyoni? Hizo ndizo za oveni. Joto linakausha maji, sukari na asidi zilizokuwa zimetawanyika zinakusanyika. Nyanya mbaya ikiokwa inakuwa nzuri kuliko ilivyostahili. Na kuhusu umeme, weka kuku chini, nyanya juu, oveni ni ileile.

Jiko Baridi

Hapo kwenye kuku nimelegea kidogo.

Trei ya Pili

Tuongee jibini maana mleta uzi amesema "jibini" kama vile ipo moja duniani. Mimi nimejaribu nyingi, na haya ni yangu, mtu asininukuu mahakamani:

Parmesan ndiyo rahisi kuliko zote kwa kazi hii. Ni kavu, imekomazwa si chini ya miezi 12, haileti maji mengine juu ya maji. Inatengeneza ganda. Tatizo lake ina chumvi, kwa hiyo ile nusu kijiko ya mleta uzi punguza.

Mozzarella mbichi, ile inayokaa kwenye maji yake, ni mtego. Zaidi ya nusu yake ni maji. Ukiiweka moja kwa moja umerudi kwenye supu. Ichane kwa mikono, ikandamize kwenye kitambaa, iache robo saa. Inavutika vizuri, lakini peke yake imepooza, kwa hiyo mimi naweka nusu mozzarella nusu Parmesan.

Cheddar ina ladha kali na inayeyuka, lakini ile iliyokomaa sana ikipata moto mrefu inatoa mafuta ya rangi ya machungwa. Dakika 6, toa.

Feta haiyeyuki. Usiisubiri. Inalainika na kushika rangi kwenye kingo, ni nzuri kwa namna yake, hasa na oregano. Ila mtu anayetaka nyuzi za jibini atakulaumu.

Halafu ile inayouzwa ikiwa tayari imekwaruzwa kwenye mfuko: wanaichanganya na wanga au selulosi (unga wa nyuzinyuzi za mimea) isigandane. Unga huohuo unaizuia kuyeyuka na kuungana vizuri. Kwaruza mwenyewe, ni dakika mbili.

Punje Mbili

Naongezea Gruyère, ile jibini ngumu ya Uswisi. Ukiipata hutarudi kwenye Cheddar.

Majani Mabichi

Mimi sili nyama, nilikuwa nakula Parmesan miaka kibao nikijua ni maziwa tu. Kuna mtu alinishtua kwamba si sawa. Ni kweli?

Trei ya Pili

Ni kweli, dada. Ili maziwa yagande kuwa jibini kunatiwa kimeng'enya, na kwa Parmigiano Reggiano halisi ya Italia kanuni inataka kile kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Hakuna toleo lake lisilo nacho. Lakini zipo jibini ngumu za mtindo huohuo zinazogandishwa kwa kimeng'enya cha vijidudu au cha mimea, kwenye pakiti wanaandika. Kwa nyanya hizi hutaona tofauti kubwa.

Majani Mabichi

Asante kaka. Kwa shukrani naleta la kwangu, maana jina langu linanidai: majani.

Mleta uzi katumia makavu na yuko sahihi kwa zaatari na oregano. Hayo yanavumilia oveni, na oregano kavu kwangu ina nguvu kuliko mbichi. Ukitumia mabichi zidisha mara tatu: kijiko kimoja cha makavu ni kama vijiko vitatu vya mabichi. Rozimari inavumilia pia, ila ikate ndogondogo sana, vinginevyo unatafuna sindano.

Mrehani ni habari nyingine kabisa. Jamani mrehani usiingie oveni! Harufu yake ni nyepesi, inapaa na joto, na jani linakuwa jeusi kama karatasi iliyoungua. Upasue kwa vidole, uurushe juu trei ikishatoka. Joto lililobaki kwenye nyanya linatosha kuuamsha. Vivyo hivyo kwa paseli na vitunguu majani.

Na makavu myasugue viganjani kabla ya kutia. Kama hayanuki mkononi, hayatanuka kwenye chakula. Tupa.

Mwiko Mrefu

Hiyo ya mrehani ndiyo ile "majani meusi" ya bandiko langu la kwanza. Nilikuwa naweka jani zima juu ya jibini, najiona fundi.

Mla kwa Macho

Picha?

Sufuria Moja

Wakuu sisi tusio na oveni tufunge uzi tuondoke?

Mama Ukoko

Usiondoke mwanangu. Chukua kikaango kizito, kitie moto mpaka kiwe cha moto kweli, mafuta kidogo. Laza nyanya uso chini usiziguse kwa dakika 4 au 5. Ukizichokonoa unazipasua. Zikishika rangi zigeuze, weka jibini juu, funika dakika 2 tu iyeyuke, funua haraka. Mfuniko unatunza mvuke na mvuke ni maji, kwa hiyo usisahau kufunua. Ganda la kahawia hutalipata, ila chini patakuwa na ule ukoko ambao mimi naupenda kuliko ganda lenyewe. Chenga za mkate zikaange pembeni na mafuta, uzinyunyize mwisho.

Kama una sufuria nzito yenye mfuniko bapa na makaa, tandaza makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Hiyo ni oveni kamili. Moto wa juu ndio unaotakiwa hapa.

Chumvi Kidogo

Naongeza: kile kikaango cha hewa kinafaa sana. Nyuzi 180, dakika 8 bila jibini, kisha 4 na jibini. Upepo wake unakausha maji vizuri kuliko oveni. Angalizo tu, jibini iliyokwaruzwa nyembamba inapeperushwa. Ichanganye na chenga na tone la mafuta ipate uzito.

Sufuria Moja

Nabarikiwa. Narudi na majibu.

Kipimo

Mleta uzi, nyuzi 200 za oveni ipi? Oveni yenye feni ndani inapiga kali zaidi, punguza 20, iwe 180. Wenye vipimo vya Farenhaiti ni kama 400, wenye jiko la gesi la namba ni namba 6. Na mngoje mpaka iwake sawasawa. Ukiziweka kwenye oveni inayopata moto polepole zinachemka kwenye maji yao kabla ya kuokwa.

Lingine, msitandike foili moja kwa moja. Asidi ya nyanya inaitafuna alumini, utakuta vitundu na ladha ya chuma. Karatasi ya kuokea au chombo cha kauri. Cha kioo kisitoke kwenye friji kikaingia kwenye moto, kitapasuka.

Jiko Baridi

Wakuu, nimeshawishika, nimejaribu. Imekuwa uji. Mnieleze mlichonificha.

Mwiko Mrefu

Pole mkuu. Tuanze: chumvi na kulaza kifudifudi ulifanya?

Jiko Baridi

Nilifanya. Dakika 10 lakini, njaa ilikuwa kali.

Mwiko Mrefu

Chombo gani?

Jiko Baridi

Bakuli la kuokea lenye kina. Nyanya 9 nikazipanga zikabanana, nyingine nikaziweka juu. Zikakaa dakika 40 maana zilikuwa bado zinaonekana nyevunyevu.

Punje Mbili

Haya sasa.

Mwiko Mrefu

Mkuu hukuoka, ulichemsha. Kingo za bakuli refu zinazuia mvuke usitoke, na nyanya zikibanana kila moja inamchemsha jirani yake. Tumia trei yenye kingo fupi, acha nafasi ya vidole viwili kati ya nyanya na nyanya, tabaka moja tu. Na zikionekana nyevu usiongeze muda, ongeza moto. Ukiongeza muda ngozi inaachia, na ngozi ndiyo kikombe chake. Ikishaachia hakuna kitu cha kushikilia.

Halafu aina gani?

Jiko Baridi

Zile kubwa zenye mikunjo. Zilikuwa zimeiva mno, ndiyo maana nilitaka kuzimaliza.

Mama Ukoko

Hizo ni za mchuzi, mwanangu. Zikishalainika hivyo hazisimami tena. Kwa kuoka nusunusu tafuta zile ndefu kama yai, zina nyama nyingi na maji machache, hizo unazikata kwa urefu. Za duara za wastani pia sawa. Ule uji wako usiutupe, upitishe kwenye moto na kitunguu saumu, umwagie tambi, jibini imo tayari.

Jiko Baridi

Nimekula hivyohivyo na kijiko mama. Ulikuwa mtamu, tatizo haukuwa wa kupiga picha.

Mla kwa Macho

Hata wewe?

Asiye na Maziwa

Maziwa na tumbo langu hatuelewani. Nikitoa jibini kinabaki nini?

Chumvi Kidogo

Kinabaki chakula kamili. Kusini mwa Ufaransa, Provence, nyanya zao za kuoka za asili hazina jibini kabisa: chenga za mkate, kitunguu saumu, paseli, mafuta ya zeituni. Ongeza chenga ziwe kama vijiko 8, mafuta yazilowanishe mpaka zionekane mchanga wa pwani uliopigwa na wimbi. Chumvi iwe imara kidogo maana jibini haipo kuisaidia. Kitunguu saumu kichanganye na mafuta kwanza. Kikikaa juu kikavu kinaungua na kuwa kichungu.

Halafu, kwa faida yako na wengine, jibini ngumu zilizokomaa muda mrefu zina laktosi, yaani sukari ya maziwa, kidogo mno, karibu haipo. Wengi ambao shida yao ni laktosi wanazimudu. Ila kama ni mzio wa protini ya maziwa, hiyo ni hadithi tofauti, usijaribu.

Asiye na Maziwa

Ni laktosi. Naanza na kipande kidogo kama ukucha. Tukiwasiliana tena mjue nimepona.

Trei ya Pili

Mnaziweka nyanya wapi kabla? Nauliza kwa sababu nyumba hii kila kitu kinaingia friji.

Kipimo

Nje, kikonyo chini, mpaka ziive. Baridi ya chini ya nyuzi 12 inaua harufu yake, na nyanya bila harufu ni maji mekundu. Zikishaiva sana na huna nafasi ya kuzipika, friji siku moja mbili ni sawa kuliko zioze.

Zilizookwa zikibaki zinakaa friji hadi siku 3. Kuzipasha moto tumia oveni nyuzi 180 dakika 10. Mikrowevu inazirudisha Jiko Baridi alikotoka.

Jiko Baridi

Nimekuwa kipimo rasmi sasa.

Sufuria Moja

Nimerudi. Kikaango, nyanya 4 ndefu, Cheddar, oregano. Ya kwanza niliichokonoa ikabaki nusu kwenye kikaango, nusu kwenye mwiko. Tatu zilizobaki nilikaa mikono nyuma kama askari, dakika 5 kamili, zikageuka zenyewe bila ugomvi. Ule ukoko wa chini, mama, umenifanya nilambe kikaango. Nimekula na mayai. Jirani kagonga mlango kuuliza napika nini.

Mama Ukoko

Ulimpa?

Sufuria Moja

Zilikuwa tatu tu, mama.

Majani Mabichi

Hahaha! Kwa walio na haraka ya kukaribisha wageni, zile nyanya ndogo kama zabibu hazihitaji kukatwa. Zitoboe kila moja kwa ncha ya kisu zisilipuke, mafuta, zaatari, nyuzi 200, dakika 20 mpaka zichanike. Feta katikati ya trei tangu mwanzo. Toa, rusha mrehani, weka mkate pembeni. Hapo maji yake ni mchuzi, hatuyapigi vita.

Mwiko Mrefu

Hiyo inavunja kauli yangu ya bandiko la kwanza na naikubali.

Nimeoka za jioni. Nyanya ndefu 8, nimechanganya Gruyère na Parmesan kama mlivyonishauri, gramu 90 kwa jumla, chumvi nimepunguza ikawa robo kijiko. Zimechuruzika dakika 40 kwa sababu nilikuwa nasoma uzi huu. Trei imetoka kavu, kuna michirizi miwili tu ya mafuta mekundu pembeni ambayo nimeifuta kwa mkate. Safari ijayo nitaweka chenga chache zaidi, zimefunika nyanya kupita kiasi.

Mla kwa Macho, picha nimepiga. Imetoka na ukungu wa mvuke kwenye kamera, inaonekana kama mtu yuko bafuni. Niirushe?

Mla kwa Macho

Irushe hivyohivyo.